Benki imetuletea madawati 40, sasa inataka akaunti za watoto. Huku ni kusaidia jamii au biashara?

cherehani_moja

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi cherehani, mambo ya benki nayajua ya kuweka na kutoa tu, kwa hiyo nikichapia mnirekebishe taratibu. Ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi moja huku wilayani Korogwe, na mwaka huu nimetwishwa na daftari la chakula cha wanafunzi, ile michango ya wazazi ya uji na makande. Jina la shule naliacha, la benki naliacha. Nataka ushauri, sitaki kuitwa ofisini.

Mwezi uliopita benki ilituletea madawati 40. Mazuri, sisemi uongo: vyuma vimechomelewa sawasawa, mbao imepigwa randa, ukipitisha kiganja huchomwi na kibanzi. Dawati moja wanakaa watatu, kwa hiyo watoto 120 wametoka sakafuni. Mwanangu yuko darasa la tatu, kaptula zake zilikuwa zinaisha makalioni kila baada ya miezi miwili na mwenye kutia viraka ni mimi, kwa hiyo faida ya dawati siambiwi na mtu.

Ila kuna mambo yamenikaa kooni.

La kwanza sherehe. Tuliambiwa meneja wa kanda anakuja na mgeni rasmi, waandishi watakuwepo, shule ijiandae. Kujiandaa maana yake turubai mbili, viti vya plastiki 150, spika, soda, maji ya chupa na pilau la wageni. Nani alipe? Benki walisema bajeti yao ni ya madawati peke yake. Tukachota kwenye mfuko wa chakula, Sh 380,000, daftari ninalo hapa mezani. Fundi wa mjini kwetu dawati kama lile analitengeneza kwa 75,000. Mama mmoja kwenye kamati akauliza, "Kwa hiyo tumekula madawati matano?" Akajibiwa mgeni njoo mwenyeji apone. Watu wakacheka, ikaisha.

Watoto walipangwa mstari saa mbili asubuhi. Mgeni kaingia saa saba kasoro robo. Walishafundishwa wimbo wenye jina la benki kwenye kiitikio, na hadi leo mwanangu anauimba akioga. Halafu ikaja hundi ya mfano, lile bango la shilingi milioni tatu, wakashikishwa watoto wawili, mmoja kila upande. Picha ikawekwa mtandaoni: meneja anatabasamu, mgeni rasmi anatabasamu, na mtoto wa kushoto kwa vile ni mfupi hundi imemfunika mzima. Zinaonekana ndala zake tu, moja ya bluu moja ya kijani.

La pili ndilo lililonileta hapa. Wiki iliyofuata alikuja kijana wa masoko na boksi la fomu. Anataka kila mtoto afunguliwe akaunti, kianzio 5,000, na kamati ihamishie kwao fedha ya chakula ambayo sasa tunaiweka SACCOS. Nikamuuliza, haya ni masharti ya madawati? Akasema, "Hapana mama, ni kudumisha uhusiano." Mwalimu mkuu akanivuta pembeni: "Mama, mkono mtupu haulambwi."

Niwaambie kwa nini naogopa. Mama yangu mzazi yuko Mombo. 2019 aliuza mpunga, akaniomba nimpeleke benki asije akaibiwa. Si benki hii, ni nyingine. Tukaweka 90,000. Baada ya miaka miwili tumekwenda kutoa ili aezeke jiko, keshia kageuza kioo tuone: 42,000. Makato ya kuendesha akaunti elfu mbili kila mwezi, mara ishirini na nne. Na katika hiyo 42,000 lazima abakishe elfu kumi. Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Hizo elfu mbili walikuwa wananilindia nini?" Keshia akasema ndio utaratibu. Kutoka nje, ukutani kuna bango kubwa, benki hiyo imekabidhi mabati kwa zahanati. Mama hajui kusoma. Akaniuliza, wale wanacheka nini.

Babu yangu, baba yake huyu mama, alikuwa mkata mkonge. Alikuwa na kitabu cha akiba cha Posta, kidogo kama hirizi, kimepigwa mihuri kila ukurasa, anakihifadhi ndani ya kanzu yake ya Idi. Kilikuwa kikienda Posta kinarudi na senti za juu. Hatukuwahi kusikia kimerudi kimepungua.

Sasa naomba kujua. Kuna sheria inayoibana benki isaidie jamii, au ni hisani? Hela ya madawati inatoka mfukoni mwa wenye benki, au ni hizo elfu mbili mbili za akina mama yangu? Na kamati tukizikataa fomu tutakuwa tumekosa shukrani? Kikao ni Jumamosi.

Nawasilisha.

Pweza_Kavu

Dawati limekuja na stika ya benki, stika imekuja na fomu, fomu itakuja na mkopo. Mwaka kesho watampiga tena picha yule mwenye ndala, safari hii akiwa anadaiwa.

mstaafu_kaunta

Mwanangu cherehani, nimekaa benki miaka 26, mingi Tabora na Mwanza. Nimeshastaafu, sina wa kumwogopa.

Sheria ya kuibana benki hakuna. Wanaobanwa ni wa madini: tangu marekebisho ya 2017, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii na akubaliane na halmashauri. Benki inatoa kwa kupenda kwake, na kila moja ina mtindo wake. Benki ya NMB imejiwekea asilimia 1 ya faida baada ya kodi, ndiko yanakotoka madawati, mabati na vitanda unavyoviona kwenye taarifa ya habari. Kwa makaratasi hiyo ni hela ya wenye hisa, maana isingetolewa ingekuwa gawio. Lakini faida yenyewe imetoka wapi? Riba ya mikopo, hatifungani (yaani serikali ikikopa kwetu), na makato. Elfu mbili za mama yako zimo humo, huwezi kuzipembua kama mchele na chuya.

Sasa nikupeleke jikoni. Kila Jumatatu nilikuta barua za maombi mezani: shule, zahanati, kituo cha polisi, timu ya kata, kamati ya mwenge. Anayechaguliwa si mwenye shida kuliko wote. Tulikuwa tunaangalia nani kasaini barua, gari la waandishi linafika, na pale jirani kuna watumishi ambao mishahara yao haijawa kwetu. Shule ya ndani kabisa isiyo hata na choo haifikiki, haipigiki picha, haipati. Mimi mwenyewe nimezunguka na stika kwenye begi. Siku moja tulipeleka mashuka wodi ya wazazi, nembo yetu imechapwa katikati ya shuka, kubwa kama sinia. Muuguzi akaniita pembeni: "Baba, hapa ndipo mama anapojifungulia. Damu ikidondoka juu ya nembo yenu hamtatulaumu?" Nilirudi ofisini nikaandika nembo ihamie kwenye pindo. Wakakubali. Katika kazi zote nilizofanya idara ile ya misaada, naikumbuka hiyo.

Ila msiyabeze madawati. 2016 elimu bila malipo ilipoanza, watoto walifurika darasa la kwanza, wengine wakaandikia magotini. Rais Magufuli akawapa wakuu wa mikoa hadi 30 Juni wawe wamemaliza tatizo la madawati, Bunge likabana matumizi yake likatoa bilioni 6, kampuni na benki nazo zikachanga. Hata kama yalikuja na stika, watoto walikaa.

Kuhusu kikao chenu. Siku ya sherehe lazima kuna karatasi ilisainiwa, hati ya makabidhiano. Itafuteni, isomeni kwa sauti mbele ya wote. Kama humo hamna neno akaunti, basi hakuna sharti, na kijana wa masoko alikuwa anatafuta idadi yake ya mwezi, hana ubaya, na yeye ana bosi. Fomu za watoto msizikatae wala msizijaze. Ombeni kwanza karatasi ya makato ya hiyo akaunti, mstari kwa mstari: kuendesha, kutoa, taarifa ya akaunti, kufunga. Kanuni za Benki Kuu za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki iyaweke wazi kabla hujasaini. Na fedha ya chakula si ya mwalimu mkuu. Ni ya wazazi, waulizwe wazazi.

Kitabu cha babu yako nakijua. Akiba ya Posta ilianza Tanganyika 1925, ikawa Benki ya Posta kwa sheria ya 1991, na 2021 ikageuzwa jina kuwa TCB, Tanzania Commercial Bank. Vile vitabu tulikuwa tukiviona vinaletwa vimefungwa kwenye leso.

mwl_chaki

Samahanini wakubwa. Mnaongea raha sana kuhusu stika. Mimi nina watoto 138 darasa moja. Wa mstari wa mbele wanakaa karibu mno na ubao, nikifuta vumbi la chaki linawaangukia machoni. Akija mtu na madawati 40 nikamwimbie wimbo wake mara kumi, nitaimba na mimi nikiwa mbele. Mama cherehani, kama hamyataki nipe namba ya huyo meneja.

cherehani_moja

Mwalimu, tunayataka. Nimesema tunayataka. Ninachouliza ni kama nikishapewa dawati naruhusiwa kuuliza swali.

Mdigo_wa_Dortmund

Salaam kutoka kwenye baridi. Mimi ni wa Tanga mjini, niko Ujerumani mwaka wa kumi na moja, na mshahara wangu unapitia Sparkasse, yaani benki ya akiba. Nimeona niseme kwa sababu huku benki za akiba ndizo zenye sifa hii mnayoizungumza.

Sparkasse nyingi hazina wenye hisa. Ziko chini ya mji au wilaya, na kila moja inalima shamba lake: ya Dortmund haiendi kufungua tawi Köln. Faida inayobaki baada ya kuweka akiba ya benki yenyewe inaweza kwenda kwenye mambo ya pale pale, timu za watoto, makumbusho, bendi, hata benchi la kukalia bustanini. Na nembo wanaweka vilevile! Ile S nyekundu yenye nukta juu yake iko mgongoni kwa watoto wote wa mpira mtaani kwangu. Kwa hiyo stika si ushamba wetu.

Mwishoni mwa Oktoba huwa na siku ya akiba. Ilianzia kwenye mkutano wa benki za akiba uliofanyika Milano 1924. Binti yangu anabeba kibubu chake, mama wa kaunta anakifungua mbele yake, anamimina sarafu kwenye mashine, inaziporomosha kwa kelele kama mvua ya mawe, anapewa karatasi ya hesabu na mdoli. Akaunti yake haikatwi hata senti. Na mimi najua wanafanya hivyo ili akiwa mkubwa abaki kwao. Biashara ni biashara, ila hesabu ya mtoto inaongezeka.

Ukirudi nyuma zaidi, wazo lenyewe la benki ya akiba ndilo hilo. Mchungaji Henry Duncan alifungua ya kwake kijijini Ruthwell, Uskoti, 1810. Benki za kawaida zilikuwa zinataka pauni 10 kukufungulia akaunti, kibarua wa shamba ataipata wapi. Yeye akapokea kuanzia peni sita. Msaada wa benki ile kwa jamii ulikuwa ni kuipokea hiyo peni sita na kuirudisha na riba. Ndiyo maana nimesoma habari ya bibi wa Mombo mara mbili. Alichofanyiwa ni kinyume chake kabisa.

Lakini msidhani huku ni peponi. Matawi mengi ya vijijini yamefungwa, wazee wanasafiri kwa basi kufuata mashine. Na 2021 mahakama ya juu ya Ujerumani iliamua kwamba kipengele ambacho benki ya akiba ilikitumia kujibadilishia riba kwenye mikataba ya akiba ya muda mrefu hakifai, watu wengi wakadai riba waliyopunjwa miaka na miaka. Hata huku unaweza kudhamini bendi na wakati huohuo ukampunja mweka akiba.

mkulima_eldi

Hamjambo ndugu zetu. Huku Kenya tuna Postbank ya serikali, ilianza 1910, sheria yake ni ya 1978, na kwa sheria hiyo haikopeshi, kazi yake ni akiba. Nyanyangu aliipenda kwa sababu hakuna mtu angemshawishi achukue loni.

Kwa upande wa misaada, ile ya benki ya Equity iitwayo Wings to Fly tangu 2010 imelipia watoto wengi karo ya sekondari, wale wenye alama nzuri na kwao hakuna kitu. Kijana wa jirani yangu aliipata. Walimlipia karo, sare, sanduku, mpaka nauli. Kabla ya hapo waliingia kwao wakakaa kwenye kiti kimoja kilichokuwepo, wakauliza mnakula nini. Hawakuomba mamake afungue akaunti ndipo mtoto aende shule. Akaunti alikuja kuifungua mwenyewe baadaye. Sasa ukiniuliza kama ile ni biashara nitasema ndiyo, na niko sawa nayo.

Cherehani, hizo 380,000 ziliniuma mimi huku Eldoret. Mwambie benki ijayo ije na soda yake.

Pweza_Kavu

Na pilau.

cherehani_moja

Wakuu, kikao kimeisha, naleta mrejesho kabla sijasahau.

Hati tuliipata kwenye kabati la mwalimu mkuu, chini ya mitihani ya majaribio. Ukurasa mmoja. Imeandikwa madawati 40, saini, muhuri, shukrani. Neno akaunti halimo. Nilisoma kwa sauti kama mzee alivyosema. Mwalimu mkuu alinikunjia uso hadi mstari wa mwisho, halafu akasema, haya, basi na mimi nimepumua. Kumbe na yeye alikuwa anapigiwa simu kila siku.

Fedha ya chakula imebaki SACCOS. Wazazi wamekubaliana kwa kunyoosha mikono, na mkono wa yule mama wa madawati matano ulinyooshwa wa kwanza. Fomu za watoto tumesema tunasubiri karatasi ya makato. Meneja wa tawi alikuja mwenyewe, kijana mpole, hata miaka 35 hana. Alipoulizwa kuhusu makato alisema akaunti ya mtoto haina makato ya mwezi. Tukamwambia tupe hilo kwa maandishi. Akasema ataomba makao makuu. Nikamweleza habari za mama. Akanyamaza, akaniuliza akaunti ilikuwa benki gani, nikamwambia, akatikisa kichwa kama mtu aliyefurahi kidogo kwamba si yake. Lakini hakuniambia ya kwake inakata kiasi gani kwa mtu mzima. Nilimuuliza mara mbili.

Na tumemwomba jambo moja. Mwaka ujao wakileta chochote, walete kimya kimya siku ya kazi, watoto wawe darasani. Hilo alisema ni gumu kuliko la makato.

Mwl_chaki, nilimtajia kwamba kuna mwalimu ana watoto 138. Akaniuliza shule iko barabarani?

Stika za darasa la tatu zimeshabanduliwa. Wamebandika kwenye madaftari, mwanangu kabandika yake kwenye kopo la maziwa analotunzia hela za nauli.

Sasa mzee mstaafu, Jumatatu nampeleka mama kwenye ile benki ya zamani, zile elfu kumi zilizobaki nataka nijue kama zipo. Karatasi ya makato naiombea dirisha gani?

mstaafu_kaunta

Si dirishani, keshia hana. Nenda meza ya huduma kwa wateja, uombe na taarifa ya akaunti tangu mlipoifungua. Mama aende na kitambulisho chake, vinginevyo watakurudisha. Na ukikuta imelala usikubali kuifufua kwa kuweka hela mpya, waambie mnaifunga na mnataka kilichobaki. Wakizungusha, andika malalamiko kwa meneja, bakia na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Hiyo nakala ndiyo utakayoihitaji ukienda Benki Kuu.

Jumatatu kuna foleni. Nendeni Jumatano, kabla ya saa nne.